Mshubiri na Nuru katika Tiba ya Majeraha ya Moto



Birika la chai likipinduka na mtoto akaungua mkono, papo hapo nyumba hujaa waganga. Bibi hukimbilia mshubiri ulioko uani. Mjomba hutaka apakwe dawa ya meno. Na siku hizi kijana wa shule naye hueleza habari za nuru ya leza, ambayo amesikia kwamba huponya vidonda. Mtoto analia, na maji, ambayo ndiyo dawa ya kwanza, hayajamgusa bado. Kwa hiyo mwezi huu yafaa tuzipime tiba hizi mbili, ya mmea na ya nuru, tujue kila moja ina nguvu gani na mahali pake ni wapi.

Mshubiri si mgeni kwetu. Tangu kale kisiwa cha Sokotra kilijulikana kwa biashara ya shubiri, na jina lake la Kiarabu lina asili moja na neno subira. Jani lake lina vitu viwili ambavyo havifai kuchanganywa. Chini ya ganda mna utomvu wa manjano, mchungu, nao huiwasha ngozi. Katikati mna ute maangavu, ambao karibu wote ni maji. Huo ndio unaotumika kwa moto. Mwaka 1935 ilitolewa habari huko Marekani ya jani hilo kutumiwa kutibu ngozi iliyodhuriwa na miale ya eksirei. Mwaka 2007 wataalamu wa Thailand walikusanya majaribio manne yenye wagonjwa 371 wa moto, wakaona kwamba waliotibiwa kwa mshubiri walipona mapema kwa siku 9 hivi kuliko wenzao. Lakini majaribio hayo yalikuwa machache, na wataalamu wengine waliopima habari za mshubiri na vidonda mwaka 2012 walisema kwamba ushahidi ulio imara haujapatikana.

Sasa tuitazame nuru. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwangaza uliokusanywa. Leza ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967, mjini Budapest, daktari Endre Mester aliwanyoa panya akawamulikia leza dhaifu, apate kujua kama ingewaletea saratani. Saratani haikutokea; bali manyoya yao yaliota upesi kuliko ya panya wasiomulikwa. Tokea hapo alianza kuijaribu kwa vidonda. Nuru hiyo haiunguzi. Wataalamu wengi wanaona kwamba huingia katika chembe za mwili, mahali zinapotengenezea nguvu zao, na kuzisaidia kujenga ngozi mpya. Lakini lazima iwe kwa kipimo: ikipungua haifai kitu, ikizidi huzuia kupona. Tena majaribio mengi ya nuru hiyo kwa majeraha ya moto yamefanywa kwa panya. Ya binadamu ni machache na madogo. Wala mtu asidhani kwamba jua litafanya kazi hiyo. Ngozi iliyoungua yapasa kukingwa na jua.

Tukizilinganisha, twaona kwamba mshubiri ni rahisi na uko karibu, lakini jani la uani huweza kuingiza vijidudu katika kidonda kilichochunika. Nuru haikigusi kidonda, lakini yahitaji mashine, mtu aliyefundishwa, na kurudia mara nyingi. Basi ute wa mshubiri unafaa kwa moto mdogo ambao haukuchuna ngozi, baada ya ngozi kupozwa. Na nuru ni kazi ya daktari. Hakuna hata moja iwezayo kuponya moto uliopenya ndani sana, ambao mara nyingi huhitaji kupandikizwa ngozi.

Kabla ya zote mbili, mambo haya yashikwe. Mtie mtu aliyeungua katika maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Hata zikipita saa tatu tangu aungue, maji hayo bado yana faida. Usitumie barafu. Vua pete, bangili na nguo, ila nguo iliyogandamana na ngozi iache. Usipake siagi, yai, majivu wala dawa ya meno. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Kisha umpeleke hospitali upesi ikiwa jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake, au liko usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Ikiwa ni mtoto mdogo. Ikiwa ameunguzwa na umeme au dawa kali. Au ikiwa ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haina maumivu. Kutosikia maumivu si dalili njema; huenda mishipa ya hisi imekufa.

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa siku zile ndefu za kungoja ngozi iote, maneno yao ni kweli, na subira ndiyo dawa. Lakini saa ya kuungua, haraka ya kuyafikia maji ndiyo baraka yenyewe. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu jambo hili leo, kabla birika halijapinduka.