Kiberiti Kipi?

Sokoni Loitokitok niliomba kiberiti upele, nikapewa kisanduku cha njiti. Nikaeleza: lile jiwe la manjano, mama zetu wakilisaga wakatupaka ngozi ikiwasha. Kijana akacheka. "Hiyo ni salfa, mzee!"

Wasomaji wapenzi, kibriti cha Waarabu ni madini hayo. Njiti zilikuja baadaye zikarithi jina. Kamusi ya Johnson ya 1939 ilizihifadhi maana zote mbili. Na risasi je? Ndiyo madini mazito ambayo wavuvi wetu hufanyia chubwi, lakini leo ukiitaja hadharani watu hutafuta pa kujificha! Magadi ndiyo yaliyosalimika. Kajiado yana ziwa lake, na maharagwe hayajaacha kuyahitaji.

Sina ugomvi na salfa. Ugomvi wangu ni na mwandishi wa vitabu vya shule amfundishaye mtoto kwamba kitu hicho hakikuwa na jina kwetu. Aandike yote mawili, wino haupungui.

Nilinunua njiti zangu nikaondoka. Kilimanjaro ilikuwa wazi asubuhi ile, na huko juu, katika shimo la Kibo, moshi wa kiberiti ungali ukifuka.