Swali la Msichana wa Kayole

Mimi ni mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya Eastlands, jijini Nairobi. Muhula uliopita, nikifundisha kuhusu homoni, msichana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono. Huyu hujidunga insulini kila siku, nayo huihifadhi nyumbani kwao Kayole ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, maana jokofu hawana. Aliniuliza: "Mwalimu, seli za kongosho langu ziliuawa na nini?"

Nilimjibu kama vitabu visemavyo: kinga ya mwili ilizigeukia na kuziangamiza. Leo nakiri kwamba nilijibu kwa haraka.

Ndugu msomaji, kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na tabibu hawezi kumpasua mgonjwa aliye hai ili achungulie tu. Aidha, seli zitengenezazo insulini zikitolewa mwilini haziongezeki. Ndiyo sababu wataalamu walitegemea seli za panya kwa miaka mingi. Ingawa insulini iligunduliwa mjini Toronto mwaka wa 1921, tulingoja hadi 2011 ndipo Philippe Ravassard, Raphael Scharfmann na wenzao nchini Ufaransa wakatangaza seli za binadamu, zilizotokana na kongosho la kijusi, ambazo huzaana maabarani na kutoa insulini zinapopewa sukari. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, chimbuko la nasaba ya seli kama hiyo ni binadamu mmoja. Je, mmoja atatusemea sote?

Mwaka wa 2025 ulichapishwa utafiti uliofanyiwa watoto na vijana wa Kameruni, Afrika Kusini na jirani zetu Uganda, waliokuwa wakitibiwa kisukari cha aina ya kwanza. Takriban thuluthi mbili yao hawakuonyesha alama za kinga ya mwili kujishambulia. Ni nini basi kilichoharibu seli zao? Jibu halijapatikana.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu 2014 wataalamu wameweza kuzigeuza seli-shina za binadamu kuwa seli za insulini. Kwa hiyo damu kidogo ya mgonjwa wa Kayole, ikitolewa kwa ridhaa yake, yaweza kuwa mwanzo wa uchunguzi wa maradhi yake mwenyewe. Serikali na vyuo vikuu vyetu havina budi kutenga fedha na kuwaandaa vijana kwa kazi hiyo. Tukiketi tukingoja majibu ya ng'ambo, tutaletewa majibu ya maswali ya wengine.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Nilirudi darasani nikasahihisha kosa langu. Nilimwambia, "Binti yangu, huenda ni kinga ya mwili, huenda sivyo. Bado hatujui." Aliyaandika maneno hayo daftarini, akayapigia mstari, kisha akauliza ni masomo gani yatakayomwezesha kujua.