Mteja wa Pikipiki na Haki ya Kuelewa
Mwendesha bodaboda wa Kikima, anayeteremka milima ya Mbooni akiwa na abiria, hatafuti bei nafuu tu dukani. Anataka spea halisi, fundi mwaminifu na dhamana anayoielewa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa za kumwezesha kuifaidi bidhaa kikamilifu. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Je, haki hiyo ina maana gani iwapo dhamana na maelezo ya breki yameandikwa kwa Kiingereza pekee? Wapenzi wa Kiswahili, istilahi zetu hazina budi kutoka makongamanoni zifike gereji. Breki, klachi na plagi tayari ni maneno ya mafundi. Tukiandika kwa maneno hayo, mteja atajua anachokitia sahihi kabla ya kulipa.