Aloevera haifi kwa kiu, tunaizamisha wenyewe

Ndugu wasikilizaji wa Kirungu, pamoja nanyi mliokuja kwetu mkikimbia vita, leo nina neno juu ya kopo moja la maji.

Juma lililopita nilipita kwa mama mmoja aliyetoka upande wa Nyunzu, ambaye sasa anakaa na jamaa zake hapa. Mlangoni ana aloevera, ule mmea ambao wengine huuita mshubiri, ndani ya bidoni la njano lililokatwa nusu. Alikimbia na chipukizi lake ndani ya mfuko. Kila asubuhi anaimwagilia kopo zima la maji aliyoyapangia mstari kwenye bomba. Hata hivyo majani yamelegea kama ndizi iliyooza. "Mwanangu, udongo wa huku haunitaki," aliniambia. Jirani yake akacheka: maji ya kunywa ni shida, na huyu anamwagilia maua!

Na huyo jirani sikubaliani naye. Mtu aliyeacha nyumba na shamba ana haki ya kutunza kitu kimoja kinachoota mlangoni pake. Lakini kopo la kila siku ni hasara mara mbili: watoto wanalikosa, na mmea unaoza kwa ajili yake.

Aloevera ina ghala la maji ndani ya majani. Jua likiwaka hufunga vitundu vya majani yake, ikavifungua usiku, ili maji yasipotee. Mizizi nayo inataka hewa. Ukiiweka kwenye tope kila siku inaoza, na mzizi uliooza haunywi tena. Ndiyo maana jani linalegea kama lenye kiu, nawe kwa huruma unaongeza maji. Mimi mwenyewe niliua mbili namna hiyo.

Sisi wa redio tuna kosa letu. Tunahimiza watu wamwagilie bustani, hatusemi kwamba mimea haifanani. Lengalenga inataka maji kila siku. Aloevera si lengalenga.

Niliinua lile bidoni. Halikuwa na tundu hata moja chini! Tukapasha msumari motoni, tukatoboa matundu sita. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, tukauchanganya na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu. Mizizi myeusi tuliikata kwa kisu, mmea tukaulaza kivulini siku nne ili vidonda vikauke, ndipo mama akaupanda upya.

Kuanzia hapo kazi ni ya kidole. Kizamishe kwenye udongo. Ukikuta unyevu, acha. Ukiwa mkavu mpaka chini, mwagilia udongo wenyewe, si katikati ya majani, hadi maji yatokee kwenye matundu. Kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, mara moja kwa majuma mawili au matatu inatosha, na wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai hata ukichelewa zaidi si kitu. Masika yakianza, isogeze chini ya paa mvua isiipige kila siku. Si lazima maji yawe ya kunywa: yaliyooshea mboga yanafaa, ila ya sabuni au ya chumvi hapana. Na kama kuna sahani chini ya bidoni, mwaga maji yake, maana mbu hutaga humo.

Jani jembamba linalojikunja kuelekea ndani ndilo lenye kiu. Jani laini, la kahawia kwenye shina, limezidishiwa maji.

Jana nilirudi kwa yule mama. Yamebaki majani matatu, lakini ni magumu. Nimemwomba asiimwagilie juma zima. Kopo la asubuhi amelitia kwenye sufuria ya uji.