Huyo Mwanafunzi Tayari Ana Chuo, Unamwita Wapi?

"Hiyo kozi unasoma huko hata sisi tunayo, na kwetu unamaliza haraka. Kuja tu, mambo ya makaratasi tutapanga." Kama uko chuo cha kiufundi hapa Kenya na hujawahi kupata meseji kama hii, ngoja tu. Usajili wa Januari, Mei ama Septemba ukikaribia utaipata. Kuna wengine hawana hata haja ya kupiga simu. Wanasimama stejini nje ya geti la chuo chako wakigawa karatasi.

Mimi sina shida na chuo kujitangaza. Weka bango, zunguka shule za upili, ingia TikTok ucheze kama magoti yanakubali. Vijana waliomaliza Fomu Four na wamekaa nyumbani bila kozi yoyote wako kila kijiji. Sasa mbona broka anawapita hao wote anaenda kumtoa mtu aliye darasani? Kwa sababu huyo ni rahisi. Ana vyeti mkononi, ameshaamua kusoma, na mzazi ameshakubali kulipa. Kazi ngumu ilifanywa na chuo kingine.

Tufuate pesa kidogo. Kuanzia 2018 serikali ilikuwa inatoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha umma. Karo yote ilikuwa 56,420, kwa hivyo zilizobaki, 26,420, zilitoka kwa mwanafunzi, mara nyingi kupitia mkopo wa HELB. Wanafunzi 200 peke yao walikuwa milioni 6 kutoka serikalini. Mwaka 2023 mfumo ulibadilishwa, sasa ni ufadhili na mkopo kulingana na hali ya familia, lakini hesabu ya msingi ni ile ile: pesa inamfuata mwanafunzi. Kwa vyuo vya binafsi ni karo ya mzazi moja kwa moja. Halafu kuna broka, ambaye analipwa kwa kila kichwa anacholeta. Hakuna mtu anamuuliza miaka miwili baadaye kama hicho kichwa kilimaliza kozi.

Sasa chukua mwanafunzi wa umeme, yuko muhula wa pili. Amelipa karo na ameshalipia mtihani. Anahama katikati ya muhula kwa sababu ameahidiwa hosteli ya bei nafuu. Ile karo hairudi, sijaona chuo kinachorudisha pesa kwa furaha. Mtihani wa KNEC unasajiliwa kupitia kituo, na usajili hufungwa miezi mapema, kwa hivyo jina lake liko kule alikotoka. Akienda kule kuomba afanye mtihani, anaambiwa amalize deni kwanza. Chuo kipya nacho kinamwambia aanze Module One kwa sababu hana karatasi yoyote ya kuonyesha alichosoma. Mwaka umeenda hivyo.

Na mkopo je? Sehemu ya karo HELB hulipa chuo moja kwa moja. Kama ililipwa kule mwanzo, deni ni lako, sio la chuo wala la broka. Ukitoka chuo cha umma ulichowekwa na KUCCPS ukaingia cha binafsi, usidhani ule ufadhili wa serikali utapanda matatu pamoja na wewe. Hii broka hakuambii, na ukimuuliza atasema "hiyo tutaongea ukifika."

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba wanafunzi sio ng'ombe wa kufungwa zizini. Kweli kabisa. Mtu ana haki ya kuhama. Kuna vyuo ambavyo mwalimu anaonekana mara moja kwa mwezi na karakana ina mashine moja ya kuchomelea inayotumiwa na watu 40, na mkuu wa chuo kama hicho hana haki ya kulia wanafunzi wakiondoka. Mimi mwenyewe ningeondoka. Lakini kuhama kwa sababu umechunguza na kuhamishwa kwa sababu mtu anatafuta komisheni ni vitu viwili tofauti, hata kama lori la kubeba godoro ni moja.

Njia ya kuhama ipo. KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho kwa wale iliowaweka. Sheria ya 2014 iliyounda KNQA ilitaka mtu aweze kuhama na alichosoma badala ya kuanza upya. Kwa hivyo msajili wa chuo anayempokea mwanafunzi wa muhula wa pili bila kumuuliza "umetoka wapi, na barua yako ya kuondoka iko wapi?" anajua anachofanya. Anajaza viti. Ningependa TVETA iwe inakagua hilo, na komisheni ya kichwa ipigwe marufuku kabisa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa kwingine.

Kabla hilo lifanyike, ukipigiwa simu uliza maswali haya na udai majibu kwa barua yenye muhuri, sio kwa WhatsApp. Chuo kimesajiliwa na TVETA, na je, kozi yenyewe imeidhinishwa? (Chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi iwe haina.) Mtihani ni wa KNEC ama CDACC, na kituo kiko wapi? Nitaanzia wapi, muhula wa kwanza ama pale nilipofika? Karo yote ni ngapi hadi siku ya cheti, pamoja na mtihani?

Na kama ulishahama na umekwama, rudi chuo cha kwanza uombe matokeo yako na barua ya kuondoka, hata kama itabidi ulipe deni kidogo kidogo. Halafu waarifu HELB uko wapi sasa. Wazazi pia waambiwe, maana wengi wao bado wanatuma karo wakidhani mtoto yuko kule kule.