Skrini Inayokunjika, Bei Isiyokunjika

Oktoba 2020 kampuni ya LG ilianza kuuza Korea Kusini luninga ya inchi 65 inayojiviringisha kama mkeka. Unabonyeza kitufe, skrini inapanda kutoka ndani ya kasha refu. Ukimaliza kutazama inajizamisha tena, sebule inabaki na kasha tupu. Bei yake ilikuwa won milioni 100, yaani dola 87,000 hivi za Marekani kwa wakati ule. Kwa fedha hizo, sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtu anasimamisha nyumba, na chenji inabaki ya kununulia luninga ya kawaida.

Cha ajabu, teknolojia iliyomo ndani ya kasha lile ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo itakayoshusha bei. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, wakiwa Kodak, walieleza kifaa chembamba cha kemikali za kaboni kilichotoa mwanga kwa umeme wa volti zisizofika kumi, msingi wa skrini ziitwazo OLED. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Cambridge, Richard Friend akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba hata plastiki ya aina fulani huwaka ikipitishiwa umeme. Hapo ndoto ikapata mbawa. Plastiki huyeyuka, kinachoyeyuka kinaweza kuwa wino, na wino huchapwa. Basi skrini zingechapwa mfululizo kama magazeti, zikatwe kwa mita, zibandikwe ukutani au zishonwe kwenye pazia, tena kwa bei ya kutupa.

Ndoto hiyo iliunganisha sifa mbili, unafuu na kukunjika, kana kwamba moja huzaa nyingine. Sioni kama zilikuwa na undugu huo.

Tatizo la kwanza ni unyevu. Kemikali hizi huharibika zikiguswa na maji au oksijeni, na plastiki hupitisha vyote viwili polepole. Kinga inayotakiwa ni kali mno: katika mita moja ya mraba, kwa siku nzima, usipenye mvuke wa maji unaozidi sehemu moja ya milioni ya gramu. Kioo cha kawaida hufanya kazi hiyo bila kuombwa. Plastiki inahitaji kupakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni gharama.

La pili ni joto. Transista zinazoongoza kila nukta ya picha hutengenezwa kwenye joto ambalo plastiki nyingi hazilistahimili. Viwanda vikapata njia ambayo haitajwi sana kwenye matangazo: humimina plastiki sugu ya majimaji juu ya bamba la kioo, huijenga skrini nzima hapo juu, kisha huibandua kwa miale ya leza. Kwa hiyo skrini inayokunjika huzaliwa juu ya kioo kigumu, hulipiwa gharama karibu zote za skrini ngumu, halafu huongezewa gharama ya kubanduliwa na kukingwa. Urahisi wa bei utoke wapi?

Unafuu ulitokea kwingine kabisa. Mwaka 2008 jiji la Hefei, China, liliamua kuingiza fedha za umma katika kiwanda cha kampuni ya BOE cha skrini za LCD, mradi wa yuan bilioni 17.5. Husimuliwa kwamba jiji liliahirisha hata treni yake ya chini ya ardhi ili fedha zitoshe. Teknolojia yenyewe haikuwa na jipya la kushangaza: kioo, fuwele za majimaji na taa nyuma yake. Kilichobadilika ni ukubwa. Viwanda vya aina hiyo vilivyofuata hushughulikia bamba moja la kioo lenye upana wa karibu mita tatu na urefu wa zaidi ya mita tatu, linalotoa skrini nane za inchi 65 kwa mpigo. Ndiyo sababu luninga bapa imefika hadi kwenye maduka ya mitaani na kuzifukuza zile za chogo.

Japani nayo ilicheza kamari kwa fedha za umma, lakini upande wa ndoto. Kampuni ya JOLED ilianza mwaka 2015 kwa kuunganisha kazi za Sony na Panasonic, mfuko wa uwekezaji unaoungwa mkono na serikali ukiwa mmiliki mkubwa, lengo likiwa kuchapa skrini za OLED kwa wino. Machi 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Plastic Logic, iliyochipuka Cambridge, ilikuwa imeonja shubiri hiyo mapema: Januari 2010 ilitangaza kifaa cha kusomea chenye skrini ya plastiki, kiitwacho Que, kwa dola 649, na Agosti ya mwaka uleule ikakifuta.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo si dhaifu: kila kifaa huanza na bei ya matajiri. Simu ya mkononi ilikuwa hivyo. Lakini simu ilishuka bei kwa sababu mamilioni ya watu walikuwa na haja nayo. Simu ya kukunja, kama ile ya Samsung ya mwaka 2019 iliyouzwa karibu dola 2,000, angalau ina sababu ya kukunjika, kwa kuwa mfuko ni mdogo na macho yanataka skrini kubwa. Luninga haiendi mfukoni. Imetundikwa ukutani, na ukuta haukunjiki.

Plastiki ina sifa moja ambayo mimi ningeilipia bila kuuliza: haipasuki ovyo. Fundi wa mtaani anaweza kubadilisha taa za nyuma, anaweza kufufua saketi ya umeme, ila mtoto akirusha mpira ukatua kwenye kioo, bei ya paneli mpya hukaribia bei ya luninga nzima. Skrini ngumu kuvunjika, bapa tu, isiyojikunja wala kujiviringisha, ingezifaa familia nyingi kuliko kasha la LG. Maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas hayashangilii vitu vya namna hiyo.

Hali kadhalika matumizi ya umeme. Mwaka 2016 kampuni ya M-KOPA ya Kenya ilipoanza kukopesha luninga ndogo pamoja na paneli ya jua, iliyowezesha biashara hiyo ni skrini ya kioo inayokula umeme kidogo. Kwa nyumba isiyo na nguzo ya umeme, wati chache zilizookolewa ni saa nzima ya taarifa ya habari.

Wino wenyewe haujakauka. Novemba 2024 kampuni ya TCL, iliyokuwa mwekezaji katika JOLED, ilianza Wuhan kutengeneza OLED za kuchapwa kwa wingi. Bidhaa ya kwanza ilikuwa skrini ya inchi 21.6 ya kazi za hospitali, tena imara, haikunjiki. Ahadi imetimia nusu, imeanzia mbali na sebule, na imeacha kukunjika nyuma. Mnunuzi anayesubiri luninga ya pazia asisubiri. Kwa sasa aulize dukani inakula wati ngapi na kama vipuri vyake vinapatikana.