Likasi inahitaji taa za barabarani, si bastola za kiunoni

Video zinazoonyesha namna ya kuiboresha bastola ndogo ya kubeba kila siku zinafika hata kwenye simu za Likasi. Mtengenezaji wa video, mara nyingi Mmarekani, anaiweka bastola mezani na kuonyesha alichobadilisha: nukta nyekundu ya kulengea juu, tochi chini ya mtutu, kifyatulio chepesi zaidi, mshiko wenye mikwaruzo usioteleza mkononi, na ala ya kuficha silaha ndani ya suruali. Anazungumza kwa utulivu kama fundi anayeeleza habari za pikipiki. Mfanyabiashara wa Kikula au Panda anayefunga duka usiku akiwa na franga na dola mfukoni hashindwi kuelewa kwa nini mtu atamani kitu kama hicho.

Tamaa hiyo si ya kuchekwa. Likasi ni mji wa madini, na pesa ya madini inatembea mikononi. Mnunuzi wa madini analipa wachimbaji kwa noti. Mbadilisha pesa anakaa barabarani na meza yake mbele ya kila mtu. Dereva wa lori analala njiani kwenye barabara kuu kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Wezi wenye silaha wanapoingia kwenye parsele usiku, polisi wanafika asubuhi, tena mara nyingine wanaomba pesa ya mafuta ya gari kwanza. Mtu aliyepitia hali hiyo akiwaza bastola, anawaza kama baba wa familia.

Lakini kuelewa tamaa si kuikubali. Bastola ya kiunoni, hata iboreshwe namna gani, haitamlinda mtu wa Likasi. Sababu zake zinaonekana wazi katika sheria ya nchi, katika historia ya Katanga na katika hali ya mitaa yenyewe.

Kilichofaa kule hakifai hapa

Bastola hizo zina mahali zilipozaliwa. Kampuni ya Glock ya Austria ilitengeneza modeli yake ya kwanza kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1988 ikatoa Glock 19, fupi kidogo, inayobeba risasi 15, ambayo ikawa kipimo cha bastola ya kubeba chini ya nguo. Mwaka 2018 SIG Sauer ikatoa P365, ndogo zaidi, ya kufichwa hata chini ya shati jepesi. Soko kubwa la silaha hizi ni Marekani. Huko zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kuomba kibali, na mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ilisema kubeba silaha nje ya nyumba ni haki ya kikatiba.

Kwa hiyo yule mtu wa kwenye video anazungumza akiwa ndani ya mfumo mzima: duka linaloandika jina la mnunuzi, uwanja wa mazoezi karibu na nyumbani, fundi mwenye leseni, mwanasheria, na mahakama ya kiraia itakayouliza kama alijitetea kihalali. Hata pamoja na hayo yote, Marekani inazika maelfu ya watu kila mwaka kwa sababu ya bunduki, na wengi wao ni watu waliojiua wenyewe. Kinachovuka hadi Likasi ni picha ya silaha peke yake. Mfumo wake haujavuka.

Congo ina sheria yake. Amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza mtu kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza, kumiliki au kubeba silaha ya moto bila ruhusa ya serikali. Ilitoka wakati wa Mobutu na ina takriban miaka 40, lakini ni sheria. Hata kampuni za ulinzi binafsi, zile zinazoweka walinzi mbele ya benki, maghala na viwanda, hazina haki ya kuwapa walinzi wao bunduki. Zikitaka silaha, zinaomba polisi wa taifa wasimame pamoja nao. Ikiwa mlinzi wa ghala la shaba halindi kwa bastola, muuza simu wa soko kuu ataibeba kwa ruhusa ya nani?

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku wanapokamatwa. Raia anayeshtakiwa kumiliki silaha ya vita bila haki anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Udogo wa silaha haumwokoi. Tarehe 30 Mei 2023, Salomon Kalonda, mshauri wa karibu wa Moïse Katumbi, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa N'djili huko Kinshasa. Kati ya mashtaka aliyosomewa na upande wa jeshi lilikuwemo la kumiliki silaha ya vita kinyume cha sheria, na silaha iliyozungumziwa ilikuwa bastola. Yeye na mawakili wake walikana. Mtu anaweza kuona siasa ndani ya kesi hiyo, na wengi waliiona. Lakini ikiwa mtu mwenye jina, mawakili na chama nyuma yake aliwekwa gerezani kwa neno hilo, mbadilisha pesa wa Likasi ajiulize nani atapiga simu kwa ajili yake.

Macho ya askari wa Katanga

Katika jimbo hili silaha mkononi mwa raia ina maana yake. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi hadi katikati ya mji. Mwezi Februari 2021 watu wenye silaha walishambulia kambi za kijeshi za Kimbembe na Kibati pembeni mwa mji huohuo, na damu ikamwagika. Askari anayesimama kwenye bariyeri usiku amesikia habari hizo zote, na pengine amezika rafiki. Anapoona bastola chini ya shati la mtu asiye na sare, hataona baba wa familia anayelinda pesa ya duka. Ataona mwanamgambo au mwizi. Kutoka hapo hadi kufyatua ni sekunde moja. Nukta nyekundu na kifyatulio chepesi havina msaada katika sekunde hiyo.

Anayenusurika na risasi ya bariyeri bado ana tatizo la mitaa. Likasi si Chicago, watu wanajuana. Siku mbili baada ya bastola kuingia kwenye parsele, jirani anajua, mtumishi anajua, na watoto wa jirani wanajua. Katika mji ambako silaha ni adimu na ni ghali, bastola yenyewe inakuwa mali ya kuibiwa. Wezi waliokuwa watatu watakuja wakiwa sita, na watafyatua kwanza, kwa sababu wanajua mwenye nyumba naye anaweza kufyatua. Silaha iliyonunuliwa ili kuwafukuza inakuwa sababu ya kuwaleta.

Hata hayo maboresho yenyewe yanageuka hatari. Kifyatulio chepesi kinamfaa mtu aliyefanya mazoezi kwa maelfu ya risasi. Kwa mtu asiye na uwanja wa mazoezi, anayebanwa kwenye taksibasi kati ya mama na mtoto wake, kifyatulio chepesi ni ajali inayosubiri shimo la barabara. Risasi ya milimita 9 haisimami kwenye ukuta wa mbao au wa bati. Inaingia nyumba ya pili, na katika mitaa iliyosongamana ya Likasi nyumba ya pili iko hatua tatu tu.

Bastola iliyobadili historia

Katanga imekwisha kuona bastola inayomaliza ugomvi kwa haraka. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kaskazini ya Likasi, kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold, alimpiga Msiri risasi kwa bastola yake na kumwua. Msiri mwenyewe alikuwa amejenga ufalme wake kwa bunduki, alizopata kwa kuuza shaba na pembe za ndovu. Bodson alipigwa risasi palepale na mtu wa Msiri, akafa kwa jeraha hilo. Mtu aliyetawala kwa bunduki aliangushwa na bastola, na mwenye bastola hakuondoka salama. Kilichobaki baada yao ni nchi iliyopoteza shaba yake kwa wageni. Wazee wa Wayeke hawahitaji video kuelewa mambo ya silaha.

Kuna upande wa pili wa historia, nao ni wa kujivunia. Baada ya vita kuu, katika miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Daniel Ngoy Mulunda lilipita katika kaskazini ya Katanga likiwaomba wapiganaji watoe bunduki na kupewa baiskeli. Wengine walicheka. Lakini kijijini baiskeli inabeba mahindi, inampeleka mgonjwa zahanati, inamfikisha mwalimu shuleni. Waliokubali walijua hesabu yao: bunduki ilikuwa haijawahi kuwaletea gunia moja nyumbani kwa amani. Ngoy Mulunda aliingia baadaye katika siasa na watu wana maoni tofauti juu yake, lakini wazo lile la baiskeli lilikuwa jema na lilizaliwa hapa.

Tochi ya bastola na taa ya barabara

Anayesema raia wasibebe bastola ana deni la kusema nani atawalinda. Bila jibu hilo, maneno haya yote ni mahubiri ya mtu anayelala nyuma ya ukuta mrefu. Na kweli kuna unafiki: wakubwa wanaowakataza wadogo kubeba silaha wanatembea na polisi watatu wenye Kalashnikov, wanaolipwa kwa kodi ya wadogo hao. Polisi anayembebea mheshimiwa mkoba ni polisi aliyepungua mtaani.

Jibu la kwanza liko karibu sana na Likasi. Kwenye mto Lufira kuna mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni. Mwadingusha ilijengwa wakati wa Wabelgiji ili kulisha viwanda vya shaba. Mwaka 2021 mitambo yake ilimaliza kufufuliwa, na uwezo wake ni megawati 78, kwa ushirikiano wa SNEL na kampuni zinazohitaji umeme kwa mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Umeme unatoka jirani na Likasi, lakini mitaa mingi ya Likasi inalala gizani. Tochi inayofungwa chini ya bastola inamwangazia mtu mmoja hatua kumi mbele. Taa ya barabara inamwangazia muuza mandazi, mwanafunzi, mkunga na mbadilisha pesa kwa pamoja, na haihitaji kibali. Kampuni za madini zina wajibu kwa jamii kisheria. Meya na madiwani wana haki ya kudai taa kabla ya kudai kitu kingine chochote.

Jibu la pili ni kuhesabu silaha za serikali. Wakazi wamelalamika mara nyingi kwamba bunduki za wezi zinatoka mikononi mwa watu wenye sare, kwa kukodishwa usiku mmoja. Dawa yake haihitaji maajabu: kila silaha iwe na alama na namba, kila askari aipokee kwa sahihi na kuirudisha kwa sahihi, na kamanda ambaye hesabu yake haitimii ajieleze. Nchi ina tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo kazi yake ndiyo hiyo. Mshahara wa polisi ukifika kwa wakati, kishawishi cha kukodisha bunduki nacho kinapungua.

Jibu la tatu liko kwa wafanyabiashara wenyewe. Mwizi anafuata noti. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zipo Likasi. Mnunuzi wa madini akilipa nusu ya malipo kwa simu, tayari amepunguza nusu ya sababu ya kuvamiwa. Ada ya kutuma pesa inauma, lakini ni ndogo kuliko bei ya bastola, na ndogo zaidi kuliko gharama ya mazishi.

Kwa wachache wenye kibali halali, serikali itoe hadharani masharti na idadi ya vibali, ili visigeuke zawadi ya marafiki. Na wenye kibali wajue kwamba boresho la kwanza la silaha ni sanduku lenye kufuli, mbali na watoto, na la pili ni mafunzo. Nukta nyekundu inaweza kungoja.

Mfanyabiashara wa Kikula anayetazama video usiku anatafuta kitu kimoja tu: afike nyumbani. Ana haki ya kufika, na haki hiyo hainunuliwi na mtu mmoja mmoja kwa kuificha kiunoni. Anaidai pamoja na jirani zake, mbele ya ofisi ya meya, ya SNEL na ya polisi, mchana, bila kificho.